CT Scan, MRI au angiografia: kichwa kikipasuka ghafla ukiwa Kigoma, uanze na kipi?

Simu iliita saa tano kasoro asubuhi. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, anayeendesha bodaboda pale Mwandiga.

“Shangazi, shikamoo.”

“Marahaba baba. Mbona unahema?”

“Mama mkwe kashika kichwa tangu saa tatu. Alikuwa anageuza dagaa Kibirizi, akapiga ukelele, akakaa chini. Anasema ni kama kapigwa mchi wa kisogo. Shemeji zangu wanasema tusipoteze muda hapa, tukodi gari tumpeleke Mwanza kwenye MRI, ndiyo mashine kubwa. Unasemaje?”

“Katapika?”

“Mara mbili.”

“Mpelekeni Maweni, hospitali ya mkoa, sasa hivi. Mkifika, neno la kwanza mwambieni daktari kichwa kilianza saa tatu. Habari za Mwanza zitakuja baadaye.”

Nimekuwa muuguzi mkoani hapa kwa miaka 22, na swali la hao shemeji nimelisikia mara nyingi mno. Watu wanapanga vipimo kama wanavyopanga mabasi, kwamba lenye nauli kubwa ndilo zuri. Vipimo vya kichwa haviko hivyo. Kila kimoja kina kitu chake kinachokiona, na kina saa zake za kukiona. Familia ikikosea kuchagua, inaweza kuuza ng'ombe wawili, ikasafiri siku nzima, ikafika kwenye mashine nzuri kabisa wakati jibu lililokuwa mlangoni kwake limeshafutika.

Kwa hiyo ngoja nivilinganishe nikiwa nimesimama huku huku, mwisho wa reli, kwa sababu ulinganisho ulioandikwa kwa mtu wa Dar es Salaam hautamsaidia mtu wa Kalinzi au Uvinza.

Maswali ni mawili, na hayajibiwi na kipimo kimoja

Ugonjwa tunaouogopa hapa ni anurizimu ya ubongo. Mshipa wa damu una ukuta dhaifu mahali fulani, mara nyingi pale unapogawanyika matawi chini ya ubongo, na sehemu hiyo hutuna. Mpwa wangu wa bodaboda nilimweleza hivi: umeshaona tairi linalotoa nundu ubavuni? Linaweza kwenda hivyo miaka. Linaweza pia kupasuka ukiwa katikati ya mlima.

Nundu zenyewe si adimu. Kati ya watu wazima 100, kama 3 wanatembea nazo, na wengi wao watazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kujua. Balaa ni inapopasuka. Damu humwagika kati ya ubongo na utando wake, na kichwa huuma kwa namna ambayo mgonjwa hajawahi kuiona: kinafika kileleni ndani ya sekunde chache, au dakika moja, kama radi. Waliovuja damu, takriban theluthi moja hufariki, baadhi yao kabla hawajafika hospitali. Na aliyevuja mara moja yumo hatarini kuvuja tena, hasa ndani ya saa 24 za mwanzo.

Kwa hiyo daktari ana maswali mawili tofauti. La kwanza: je, damu imevuja? La pili: je, kuna nundu, iko wapi, na ina ukubwa gani? Ukishayatenganisha maswali hayo kichwani mwako, ulinganisho wote uliobaki unakuwa mwepesi. CT Scan ya kawaida inajibu swali la kwanza. CT ya mishipa, MRI ya mishipa na angiografia ya katheta, yaani ile ya mrija unaopitishwa ndani ya mishipa, vinajibu la pili.

Niseme pia jambo ambalo wenye hofu wanalihitaji. Kichwa kinachouma jioni baada ya kazi ya jua, kipanda uso kinachomrudia mama kila mwezi, kichwa cha malaria chenye homa na baridi, kichwa cha mtu anayehitaji miwani: hivyo vyote si habari ya anurizimu, na kwa mtu ambaye daktari amempima mwili akamkuta sawa, picha ya kichwa mara nyingi haiongezi kitu. Inayobadilisha mambo ni kasi. Kichwa kilichoanza ghafla na kwa nguvu zote. Kichwa kilichomwangusha mtu, au kilichoanza akiinua mzigo au akiwa kwenye tendo la ndoa. Shingo iliyokakamaa, kutapika, kuzimia, kifafa kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Na kope moja iliyoanguka huku mboni ya jicho hilo imepanuka. Hiyo hata kama kichwa kinauma kidogo tu, usilale nayo, kwa sababu huenda nundu inakua na kuukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho, na bado haijapasuka.

CT Scan ya kawaida: ya karibu, ya haraka, na inayozeeka

Mgonjwa analala, kitanda kinaingia kwenye pete, dakika chache amemaliza. Hachomwi dawa yoyote. Damu mbichi inaonekana nyeupe mahali ambapo panapaswa kuwa peusi, na hata daktari kijana wa zamu anaweza kuiona ikiwa nyingi.

Ubora wake unategemea saa kuliko kitu kingine chochote. Picha ikipigwa ndani ya saa 6 tangu kichwa kianze, kwa mashine ya kisasa na ikasomwa na bingwa wa radiolojia, inakamata karibu kila aliyevuja damu. Baada ya siku moja inaanza kukosa baadhi. Ikifika wiki, damu imeshayeyuka na kusafishwa na maji ya ubongo, na CT hiyo hiyo, kwa mgonjwa huyo huyo, inaweza kuwakosa nusu ya waliovuja. Mashine haijaharibika. Ushahidi ndio umeondoka.

Ile ahadi ya saa 6 ina masharti ambayo huku kwetu lazima tuyatazame vizuri. Sharti moja ni kwamba saa ya kuanza ijulikane kwa hakika, siyo “tangu jana jana hivi”. Sharti lingine ni msomaji: picha inayopigwa usiku ikasubiri mpaka Jumatatu haijatimiza kazi, ingawa siku hizi picha zinaweza kutumwa kwa mtandao kwa bingwa aliye mkoa mwingine, na ndugu wana haki ya kuuliza kama imetumwa. Sharti la tatu husahaulika: wingi wa damu. Damu inaonekana nyeupe kwenye CT kwa sababu ya himoglobini iliyomo, ile inayoipa damu wekundu wake. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, himoglobini chini ya 10, anaweza kuvuja na picha ikaonyesha rangi inayofanana na ubongo wenyewe. Katika mkoa wenye malaria, minyoo na selimundu, hili si jambo la vitabuni tu. Na wenye selimundu wenyewe hupata anurizimu zaidi ya watu wengine. Kwa hiyo mwambie daktari kama mgonjwa ana selimundu au aliongezewa damu karibuni, na omba wingi wa damu upimwe pamoja na picha.

Mionzi? Ipo. CT moja ya kichwa ni takriban milisivati 2, chini kidogo ya ile ambayo binadamu huipata kutoka ardhini na angani kwa mwaka mzima. Kwa kichwa cha radi, hiyo si sababu ya kukataa. Hata mjamzito asikataliwe wala asikatae: kinachopigwa ni kichwa, na mionzi inayomfikia mtoto tumboni ni kidogo sana ukilinganisha na hatari ya kutojua.

Wanaoiona CT kama mashine ya zamani nawakumbusha kwamba hesabu zake zina mizizi barani kwetu. Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianza kuzifikiria miaka ya 1950 alipokuwa akisimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwingereza Godfrey Hounsfield akajenga mashine iliyopiga picha ya mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kabla ya hapo ubongo wenyewe haukuonekana vizuri kwenye picha. Huku kwetu ilichelewa sana. Baada ya UVIKO-19 ndipo serikali ilipozisambaza CT Scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na safari ya kwenda Mwanza kwa ajili ya picha hiyo moja ikaacha kuwa lazima.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inaona damu lakini nundu yenyewe kwa kawaida haiioni. CT safi kwa mtu ambaye hajavuja haimaanishi kwamba hana anurizimu.

Kuhusu mama yangu mdogo

Nilisema vipimo vina saa zake. Hilo sikulijifunza darasani.

Mama yangu mdogo alikuwa mkulima wa mihogo upande wa Kasulu. Kichwa kilimpiga akiwa shambani, akatapika, akafika kwenye kituo kimoja akiwa ameshikwa mikono na watoto wake. Alipewa dawa ya malaria. Siku ya tatu alirudi, akabadilishiwa dawa. Siku ya tano kope ya kushoto ilianguka, na mtu mmoja pale akasema ni mshtuko wa uso. Nilipata habari siku ya sita. Wakati huo Kigoma haikuwa na CT, tukapanda basi. Alipigwa picha siku ya nane, na picha ilikuwa safi.

Ndugu walishangilia. Mimi nilikuwa nimeshangilia nao mpaka daktari aliyempokea, Mungu ambariki, alipouliza tena: kichwa kilianza lini, na kilianzaje? Aliposikia ni siku nane zimepita, hakuiamini ile picha. Akamchoma mgongoni, akatoa maji, na maji yalikuwa ya manjano kama chai ya rangi iliyozimuliwa. CT ya mishipa iliyofuata ikaonyesha nundu ya milimita 6, kwenye tawi linalounganisha mishipa ya mbele na ya nyuma, mahali hasa panapokandamiza jicho. Barua ya rufaa ya Dar es Salaam iliandikwa jioni ile. Alivuja tena usiku, wodini, kabla hapajakucha.

Simlaumu aliyempa dawa ya malaria siku ya kwanza. Huku kichwa na kutapika ni malaria mara nyingi zaidi. Ninachokililia ni siku ya tano, ile kope.

Maji ya mgongo: si picha, lakini ndiyo mdhamini wa picha

Watu wengi wanakiogopa kipimo hiki wakidhani kinapoozesha miguu. Sindano inaingia chini ya pale ugwe wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo unapoishia, kwa hiyo haiuchomi. Wengine hubaki na kichwa kuuma siku mbili tatu; kulala chali hupunguza maumivu.

Hufaa pale CT ikiwa safi lakini ilichelewa kupita zile saa 6. Damu iliyovuja hugeuza maji kuwa ya manjano, na umanjano huo unahitaji kama saa 12 kujitengeneza, kisha unaweza kubaki hadi wiki mbili. Tazama jinsi vipimo hivi viwili vinavyopokezana: CT ni hodari mwanzo na hufifia, maji ya mgongo hayasemi wazi mwanzo na hukomaa baadaye. Kingine, maji hayo hayo yanatafuta homa ya uti wa mgongo na fangasi wa kriptokoka kwa wanaoishi na VVU, ambao nao huja na kichwa kikali. Hufanyika katika hospitali ya mkoa bila mashine yoyote ya mamilioni.

CT ya mishipa na MRI ya mishipa: hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo

Sasa swali la pili, la nundu. Hapa ndipo mashine mbili zinaposhindana kwa haki, na hapa ndipo shemeji wa mpwa wangu walikuwa na hoja, ila walikuwa wameiweka siku isiyo yake.

CT ya mishipa ni mashine ile ile ya CT, lakini mgonjwa anawekewa kanyula nene, kimrija cha kupitishia dawa, kwenye mkunjo wa mkono na kusukumiwa dawa yenye madini joto kwa pampu. Mwili mzima unapata joto, wengine wanahisi kama wamejikojolea. Hawajajikojolea, mwambieni mapema asishtuke. Mashine inakimbia na dawa inapopita kwenye mishipa, na dakika kumi baadaye kompyuta inauchora mti mzima wa mishipa ya ubongo, unaouzungusha upendavyo. Inakamata zaidi ya nundu 95 kati ya 100, ikilegalega kwa zile zilizo chini ya milimita 3. Daktari wa upasuaji mara nyingi anaweza kupanga kazi kwa picha hiyo peke yake.

MRI ya mishipa haitumii mionzi kabisa. Inatumia sumaku, na kwa mbinu moja inaiona damu kwa sababu tu inatembea, bila kumchoma mgonjwa dawa yoyote. Kwa nundu ambayo haijapasuka, uwezo wake unakaribiana sana na CT ya mishipa; nayo inasumbuliwa na zile ndogo chini ya milimita 3. Lakini mgonjwa alale kimya nusu saa au zaidi, ndani ya bomba jembamba, kelele kama za mashine ya kusaga. Mtu anayetapika, anayetupa mikono, au anayezimika na kuamka, hawezi. Na akibadilika akiwa ndani ya bomba, wauguzi hawawezi kumwingilia na mitungi yao ya chuma.

Kwa hiyo kwa aliyevuja damu, au anayeshukiwa kuvuja, chagua CT ya mishipa bila kujiuliza mara mbili. Siyo kwamba MRI ni dhaifu. Mgonjwa huyu hana nusu saa ya utulivu, na mashine iko mbali.

Kwa mtu ambaye hajavuja, mizani inageuka. Mchukue dada wa miaka 35 ambaye mama yake na kaka yake wote walikufa kwa kuvuja damu ubongoni. Ndugu wawili wa damu wa karibu ni sababu tosha ya kuchunguzwa. Au mtu mwenye ule ugonjwa wa kurithi wa figo zilizojaa vifuko vya maji, ambao huambatana na anurizimu. Hawa wanaweza kuhitaji picha leo, na nyingine tena miaka mitano ijayo. Kuwapiga mionzi na dawa inayoweza kusumbua figo kila mara si haki, na mwenye figo mbovu dawa hiyo ina hatari zake. Hawa ndio wa MRI, na hawa ndio wanaoweza kusubiri tarehe, wakapanga nauli, wakapanda basi mchana.

Kuna mambo mawili ya kwetu kabisa kwenye uchaguzi huu. Sumaku ya MRI haina mchezo na chuma. Mafundi wa kuchomelea boti na mageti, ambao huenda wana punje ya chuma jichoni tangu miaka, wakaguliwe kwanza. Na Kigoma tuna majirani na ndugu waliovuka ziwa au mpaka wakikimbia vita. Wapo wanaoishi na vipande vya risasi mwilini, na wengine hawapendi kulizungumza. Muulize kwa upole, faraghani, kabla hajapanda gari la Mwanza, kwa sababu atakapofika mlangoni pa MRI ataulizwa na anaweza kurudishwa. Mwenye betri ya moyo naye aseme. Kwa upande wa CT ya mishipa, orodha ya kutaja ni nyingine: aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa ya picha, mwenye ugonjwa wa figo, mgonjwa wa sukari anayemeza metformin. Kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kifanyike hapo hapo, ila kwa aliyevuja damu madaktari hawatakisubiri, nao wako sahihi.

Swali la kuuliza hapa mkoani si “mna CT?” bali “mnafanya CT ya mishipa leo, dawa ipo na pampu inafanya kazi?” Kuwa na mashine na kuwa na kipimo ni vitu viwili.

Angiografia ya katheta

Hii ndiyo babu wa vyote. Mreno Egas Moniz aliianza Lisbon mwaka 1927, na mpaka leo ndiyo inayoamua vipimo vingine vikibishana. Mrija mwembamba unaingia kwenye mshipa wa paja au kifundo cha mkono, unapandishwa hadi shingoni, dawa inamwagwa ndani ya mishipa ya ubongo yenyewe, na picha zinapigwa inavyotiririka. Inaona nundu ndogo ambazo nyingine zinazipita, inaona shingo ya nundu ni nyembamba au pana, na mara nyingine tiba inafanyika humo humo: nyuzi za metali zinajazwa ndani ya nundu mpaka damu isiingie tena.

Ni ya Dar es Salaam, kwa wenye mashine na mikono ya kazi hiyo kama MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili. Nayo si ya kujaribia. Inaweza kuleta kiharusi, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, na hiyo ni sababu ya kutoianza kabla hujawa na sababu. Kati ya waliovuja damu, kama 15 kwa 100 hawaonekani na nundu yoyote. Hao ndio ambao katheta hurudiwa hata mara ya pili, kwa sababu gharama ya kukosea ni maisha. Kwa mtu mwenye kichwa cha kawaida na CT ya mishipa iliyo safi, sioni kwa nini umpandishe ndege kuitafuta.

Ukikutwa na nundu ambayo hukuitafuta

Hili linawapata watu wanaopiga picha “kwa amani ya moyo”. Kumbuka wale 3 kati ya 100. Ukiwapiga picha wote wanaoumwa kichwa sokoni Mwanga, utawapata wengi wenye nundu ndogo isiyohusiana kabisa na kichwa chao. Nundu ya chini ya milimita 7 kwenye mishipa ya mbele, kwa mtu ambaye hajawahi kuvuja, ina hatari ndogo sana ya kupasuka, na upasuaji wake wenyewe una hatari. Mara nyingi ushauri utakuwa kushusha presha, kuacha sigara na ugoro, na kurudia picha baada ya muda. Ushauri ni mzuri. Lakini nimewaona watu wakiacha kuinua ndoo, wakiacha kuzaa, wakiamka usiku kujipapasa kisogo. Kabla ya kuomba picha ya nundu bila dalili, jiulize kama utaweza kuishi na jibu la katikati. Kwa wenye ukoo wa ugonjwa huu jibu langu ni ndiyo, wapigwe picha. Kwa wengine wote, pima presha kwanza. Sigara na presha tunaweza kuvishughulikia Kigoma hii hii, bila rufaa.

Pesa na njia

Kwa bei, CT ya kawaida ndiyo ya chini, CT ya mishipa inafuata, MRI juu yake, katheta juu ya vyote. Ila bei ya dirishani si bei ya kipimo. Ongeza nauli ya mgonjwa na wasindikizaji wawili, kulala, chakula, na shamba lililoachwa. Barabara ya Mwanza kupita Kibondo na Nyakanazi ni nzuri kuliko zamani, na tangu 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya feri, lakini bado ni siku yako nzima. Treni ya Dar es Salaam kupitia Tabora ni zaidi ya kilomita 1,200. Aliyevuja damu hasafirishwi kwa basi wala kwa Noah ya kukodi huku kichwa kikigonga kioo. Anahitaji ambulensi yenye muuguzi, au ndege, presha ikiwa imeshushwa taratibu, na hospitali inayompokea ikiwa inajua anakuja.

Kwenye barua ya rufaa hakikisheni mambo matatu yameandikwa: saa na tarehe kichwa kilipoanza, saa ambayo CT ilipigwa, na himoglobini. Na ombeni picha zenyewe kwenye CD au zitumwe. Karatasi ya majibu peke yake humfanya mgonjwa apigwe upya afikako, na familia ilipe mara mbili. Mwenye bima aulize kabla ya kuondoka kama rufaa imeidhinishwa.

Mama mkwe wa kijana wangu alifikishwa hospitali saa sita kasoro. Saa saba kasoro picha ilikuwa imepigwa, chini ya saa nne tangu alipopiga ule ukelele. Himoglobini 12. Bingwa aliisoma saa nane na nusu: hakuna damu. Daktari alimlaza hata hivyo, kwa sababu kichwa cha radi kina sababu nyingine pia, mishipa inayojikaza na damu inayoganda kwenye vena za ubongo zikiwemo, akamwangalia siku mbili, akamkuta na presha ya 190 kwa 110 ambayo mwenyewe hakuwahi kuijua. Gari la Mwanza halikukodiwa. Shemeji mmoja bado anauliza kuhusu MRI, na nimemwambia aje nyumbani Jumapili tuongee, aje na kadi ya kliniki ya mama yake, nione kama dawa za presha anazimeza.